Huku Hatuombi, Tunanunua: Siku Zangu Sita Nairobi

Jumatano

Mke wangu aliniuliza kama nimejiandaa. Nikamjibu kwamba Nairobi si Uchina, nikifika nitafungua mdomo na watu watanielewa. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Ngamiani, Tanga, na nilikuwa nafuata vitambaa vya suti na bitana Eastleigh, ambako mafundi wenzangu wanasema jora linapatikana kwa bei ambayo Dar huisikii. Begi langu lilikuwa na pasi ya kusafiria, nguo za kubadilisha, mkasi wangu mkubwa ambao siendi popote bila huo, na doti moja ya kanga. Kanga hiyo mke wangu aliichagua mwenyewe baada ya kufunua kama ishirini pale dukani, maana kwetu ukimpa mtu kanga bila kusoma jina lake unaweza kuondoka umemtukana.

Nililala Arusha, asubuhi nikapanda basi. Namanga haikunipa tabu: siku hizi unapita jengo moja tu, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja. Kazi ilianza kwenye fedha. Kwa bei ya siku ile, shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu 20 za kwetu. Nililijua hilo, nililiandika hata kwenye karatasi. Lakini sikio halijui hesabu. Limezoea kwamba "mia" ni kitu cha kumwachia mtoto.

Nairobi niliikuta kwenye mvua. Nikamfuata makanga, yaani kondakta, wa matatu ya Umoja, mtaa anakoishi Dada, nikaanza kama nilivyolelewa: "Kaka, habari za saa hizi? Samahani, naomba kuuliza..." Alikuwa ameshanipita, anapiga bodi ya gari kwa kiganja, "Umo! Umo! Soo! Soo!" Kabla sijamaliza salamu gari limejaa na kuondoka. La pili vivyo hivyo. Kwenye la tatu mama mmoja mwenye mwavuli aliniuliza, "Unaenda Umoja? Si upande?" Nikapanda.

Huyo mama ndiye mwalimu wangu wa kwanza. Katika foleni ya karibu saa nzima alinifundisha kwamba soo ni mia, mbao ni ishirini, finje ni hamsini, thao ni elfu. Kwamba nauli huulizwa kabla ya kuketi, kwa sababu mvua ikinyesha na yenyewe inapanda, na hakuna wa kumlalamikia. Na kwamba simu haishikwi karibu na dirisha lililo wazi. Hilo la simu hakulieleza. Aliusukuma tu mkono wangu ukarudi mfukoni. Nilipokaribia kushuka nikapaza sauti, "Shusha kituoni!" Watu wakageuka kunitazama. Yeye akatoa sarafu, akagonga chuma cha dirisha mara mbili, gari likasimama.

Kutoka steji nikachukua bodaboda. "Mia tatu," akasema kijana. Kwetu mia tatu ni andazi. Nikalipa huku nikimshukuru kwa wema wake. Dada alipofungua mlango na kusikia, alishika kichwa. "Mia tatu? Kutoka hapo? Hapo ni finje!" Ndipo nikazidisha kwa ishirini. Elfu sita, kwa dakika tatu za pikipiki, na shukrani juu.

Dada ninayemtaja ni binti wa shangazi yangu, mkubwa kwangu, aliletwa Nairobi akiwa bado anabebwa mgongoni. Ameolewa na mtu wa bara ya Kenya. Kwa damu ni wa Tanga. Kwa mwendo wa miguu ni wa Nairobi kabisa.

Alhamisi

Asubuhi kwenye ngazi nilikutana na mwanamke wa makamo anapanda na ndoo. Nikampisha, nikasema, "Shikamoo." Akasimama. "Mimi? Kwani nimezeeka hivyo?" Alicheka, lakini aliniangalia mpaka nikafika chini. Dada aliniambia baadaye kwamba Mombasa ningeitikiwa bila neno, ila huku juu shikamoo watu wengi waliiacha shuleni, na mwanamke wa miaka arobaini akiamkiwa hivyo anakimbilia kioo.

Siku hiyo nilikuwa na miadi Eastleigh, ambako wenyewe wanapaita Islii. Usiku mwenye duka alikuwa amenitumia ujumbe mfupi: "Sawa fundi. Tupatane kesho 3." Nilifurahi sana. Nilielewa mambo mawili: kwamba bei niliyompendekezea kwenye simu ameikubali, maana kwetu kupatana ni kuafikiana, na kwamba ananitarajia saa tatu asubuhi. Saa tatu kasorobo nilikuwa mlangoni.

Mwenye duka hakuwapo. Kijana wake alinitazama kwa huruma. "Amesema three, mzee. Three ya mchana." Akanieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Ukitamka "saa tatu" kwa mdomo, Nairobi nzima itajua ni asubuhi. Lakini ukiandika tarakimu peke yake, inasomwa kwa saa ya Kizungu: 3 ni saa tisa alasiri. Na kupatana ni kukutana tu. "Bei bado hamjaongea," akamalizia.

Basi nikawa na saa sita za kukaa. Nikaingia hoteli moja ya pembeni, nikamwambia mhudumu, "Dada, naomba chai na chapati mbili." Nyuma yangu mzee mmoja akaweka kikombe chini. "Kijana, huku hatuombi, tunanunua." Meza tatu zikacheka, na mimi nikacheka nisije nikaonekana mnuni. Lakini kila mteja aliyeingia baada yangu nilimsikiliza. "Nipe chai." "Leta madondo na chapo mbili." Aliyekuwa mpole kuliko wote alisema, "Nisaidie na chumvi." Hakuna hata mmoja aliyeomba. Neno hilo kwao limebaki kwa Mungu na kwa wanaonyoosha mkono barabarani. Kwetu mtu akiingia mgahawani na kusema "nipe chai" bila kumwamkia mama, chai ataipata, lakini ataipata imepoa.

Na chai yenyewe ililetwa nyeupe, imechemshwa pamoja na maziwa na sukari. Mimi nilitaka ya rangi. "Hii ndiyo chai," mhudumu akasema. "Hiyo yako ni turungi." Nikainywa. Ni nzuri, siwezi kusema uongo, ila inashibisha kama uji.

Ilipofika saa tisa nilikuwa nimeshaamua kuwa mtu wa Nairobi. Niliingia dukani kwa mwendo wa haraka, nikanyoosha mkono, nikasema, "Niambie bei ya mwisho." Mwenye duka ni mama wa Kisomali, amejifunga mtandio wake vizuri, kikokotoo mkononi. Hakuupokea mkono wangu. Aliweka kiganja chake kifuani, akatabasamu kidogo, akasema, "Asalaam aleikum, fundi." Nilitamani sakafu inimeze. Mimi mtoto wa madrasa ya Tanga, nimekua nikijua kwamba mwanamke asiyenihusu sinyooshi mkono kabla yake, nimetembea Nairobi siku mbili nikasahau. Nikaitikia salamu, nikauliza hali, nikauliza biashara. Chai ikaja, hii nayo ya maziwa, lakini imejaa iliki na mdalasini. Bei ilizungumzwa baada ya kikombe cha pili. "Mia nne kwa mita." Safari hii nilizidisha kabla hajafunga mdomo. Tukaishia mia tatu na hamsini nikichukua jora tatu, mzigo niufuate Jumatatu.

Ijumaa

Nilisali Ijumaa Msikiti wa Jamia, katikati ya mji, mkabala na City Market. Ukitoka pale umechomoa miguu kwenye zulia, unarudi kwenye mbio za watu kama uliyeshushwa kwenye mto. Nikaelekea Biashara Street kutazama vifungo na zipu.

Mlangoni mwa jengo moja la maduka palikuwa na askari wa kampuni ya ulinzi na kile kifaa cha kupapasia watu. Kwetu pia vipo, kwenye mahoteli makubwa na benki, lakini Nairobi kila mlango wenye watu unafunguliwa begi. Nilikuwa nimepekuliwa mara nne tangu asubuhi na nilishaanza kuona kama mchezo. Yule askari alipoingiza mkono akagusa mkasi wangu, akauliza hiki nini. Nami, kwa utani wa Ngamiani, nikasema, "Hilo ni bomu la fundi."

Foleni nyuma yangu ilinyamaza. Askari hakupiga kelele. Alitoa mkono kwenye begi polepole, akanitazama usoni, akasema, "Toka kando." Nikasimama kando. Akamwita mwenzake. Wakatoa kila kitu: mkasi, futi ya kupimia, chaki, kofia, mkate niliokuwa nao. Wakaangalia pasi yangu. Mwenzake, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, ndiye aliyenirudishia begi. "Tanzania," akasema. "Nyinyi pia mlipigwa siku ile. Sasa unachezea nini neno hilo?"

Sikununua vifungo. Nilishuka na Moi Avenue mpaka mwisho wake, pale inapokutana na Haile Selassie, kwenye bustani ya kumbukumbu. Hapo ndipo ulipokuwa ubalozi wa Marekani mpaka asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998. Ilikuwa Ijumaa pia. Nairobi walikufa watu 213, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wanapita njia, na jengo la jirani, lililoitwa Ufundi, liliporomoka lote. Asubuhi hiyohiyo bomu jingine likalipuka Dar es Salaam, likaua watu 11. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka redio ya baba, na jinsi alivyoikaribisha sikioni ingawa ilikuwa na sauti kubwa.

Ukutani yameandikwa majina. Niliyasoma mpaka macho yakachoka. Ndani ya bustani wafanyakazi wa ofisini walikuwa wameketi kwenye nyasi wanakula chakula chao cha mchana. Baada ya 1998 likaja shambulio la jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, kisha la hoteli ya DusitD2, Januari 2019. Kijana wa pale mlangoni huenda hakuwa amezaliwa wakati ule wa ubalozi, lakini kazi yake inatoka hapo. Tangu siku hiyo nafungua begi kabla sijaambiwa, na sina la kusema zaidi ya "habari ya kazi".

Jumamosi

Shemeji alialika watu. Mama yake alikuwa amekuja kutoka kijijini, na jirani wa ghorofa ya chini na mkewe. Dada alinunua nyama kwa mchinjaji Mwislamu ili nami nile bila kuuliza, jambo ambalo hakulitangaza. Nililijua kwa sababu nilimsikia akiliulizia kwenye simu. Shemeji akaichoma kwenye jiko la makaa roshani, ikakatwakatwa juu ya ubao, chumvi pembeni, kachumbari, ugali. Inaliwa kwa mkono kutoka ubaoni, na mgeni husogezewa vipande vizuri mpaka aseme basi. Mimi nilisubiri sahani. Nilisubiri sana.

Kabla ya chakula nilimpa yule mama kanga. Nilipiga goti kidogo, nikasema, "Shikamoo mama." Akafurahi kama msichana. "Hiyo nilisikia mwisho kwa shule!" Akaifunua, akaipapasa ukingo, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Asante sana kwa leso."

Leso! Moyo ulinidunda. Kwetu leso ni kile kitambaa cha kufutia kamasi. Doti nzima, pamba safi, imesafiri kutoka Tanga, inaitwa kitambaa cha pua mbele za watu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kueleza kwamba hii ni kanga, mama, kanga ya kujifunga, Dada akanikanyaga mguu chini ya meza. Huku, na Mombasa hivyohivyo, leso ndiyo kanga yenyewe, na mama alikuwa ananisifu. Kisha akaikunja bila kusoma jina. Hilo nalo lilinichoma, maana mke wangu alitumia asubuhi nzima. Nikamwomba nimsomee: "Wema hauozi." Akaifunua tena, akafuata herufi kwa kidole, moja moja, akaitikia kwa kichwa. Hakuikunja tena. Alijifunga palepale juu ya gauni.

Laiti ningeishia hapo. Lakini nyama ilikuwa tamu, watu wamechangamka, na mimi nikataka kuchangia. Nikamgeukia jirani, mtu mcheshi, nikamuuliza, "Na wewe ndugu yangu, kabila gani? Maana sura hiyo ungekuwa Tanga ningesema Msambaa."

Kwetu hilo ni swali la kufungulia utani. Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana mpaka msibani, mtani anakuja kumcheka marehemu na watu wanampa chakula. Pale Umoja nilisikia kisu kikiguswa ubaoni, basi. Mke wa jirani aliangalia simu yake. Jirani akajifuta vidole kimoja kimoja, akasema, "Mimi ni wa Umoja." Akacheka peke yake, na shemeji akamfuata kwa kicheko cha kuokoa, akauliza nani anataka soda, baridi ama moto.

Usiku, wageni walipokwisha kuondoka, shemeji alikaa nami roshani makaa yakizima. Hakuwa amekasirika. Alisema mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, swali hilohilo liliulizwa barabarani na vijana wenye mapanga, na jibu ndilo lililoamua kama utapita. Waliuawa watu zaidi ya 1,100, na maelfu kwa maelfu wakahama makwao. "Si kwamba hatujui nani ni nani," akasema. "Tunajua sana. Mtu anakuuliza nyumbani ni wapi, ama jina lako lile lingine, na hapo amemaliza. Lakini kuitoa hivyo mezani, na nyama iko mdomoni..." Hakumalizia. Nikamuuliza kama nimwendee jirani nimwombe radhi. Akasema nikienda kuomba radhi nitakuwa nimeuliza mara ya pili.

Jumapili

Nilishinda nyumbani. Nilimshonea mama wa shemeji ile kanga yake upindo, kwa sindano ya mkono, na kwa kuwa alikuwa bado ameifunga nusu ya kazi niliifanya nikiwa nimechuchumaa.

Mtoto wa Dada, wa darasa la sita, alikuwa ananihadithia mpira. Kila akisema "ile gari yangu" nami namsahihisha, "lile gari langu". "Ng'ombe zangu." "Ng'ombe wangu." Mara ya tano akanyamaza akaenda chumbani. Dada aliacha vyombo. "Huyo mtoto anaongea Kiingereza shuleni, Sheng huko nje, na Kiswahili nyumbani kwa ajili yangu," akaniambia. "Wewe umemkuta na lugha tatu, unamhesabia ngeli." Jioni nilimfuata, nikamwomba anifundishe Sheng. Nilijitahidi. Alinisahihisha kila neno, kwa raha ambayo sikuwa na haki ya kuilalamikia.

Jumatatu

Islii mapema, kabla magari hayajafungana. Mama mwenye duka alikuwa amenifungia jora tatu kwenye gunia na kushona mdomo wake. Nikasalimu, nikaweka mkono wangu kifuani kabla yake, akacheka. Nililipa kwa simu ya Dada, kwa namba ya till iliyobandikwa ukutani, kama kila mtu alivyokuwa anafanya. Dada fedha taslimu nilimpa jana yake. Makanga wa kwanza niliyemkuta nilimwambia, "Tao, ngapi?", yaani nauli ya mjini. Akajibu "Finje," nikapanda. Sikumwamkia, naye hakuonekana kuumia.

Namanga nilitangaza mzigo wangu forodhani, nikalipa kilichotakiwa kulipwa, nikavuka. Upande wa kwetu kuna mabanda ya mama lishe mkabala na mabasi. Nilikuwa nimechoka, gunia linanivuta bega. Nikaketi, nikasema, "Nipe chai ya rangi."

Mama aliyekuwa anapuliza moto hakugeuka. Akamhudumia dereva, akamhudumia utingo wake, akafuta meza ambayo ilikuwa safi. Hatimaye akaniangalia. "Baba, kwani kwenu hawaamkiani?"

Nikaomba samahani. Nikamuuliza habari za tangu asubuhi, za watoto, za biashara. Zote zilikuwa nzuri. Chai ikaja, nyeusi, tangawizi inapanda puani, nikainywa taratibu mpaka tone la mwisho. Nilipouliza bei akasema, "Mia tano."

"Mia tano!" Niliruka. "Chai tu?" Utingo akacheka hadi akakohoa, na mama akanyoosha mkono, akanisubiri nimalize kuzidisha.